Waliokaa Kwenye Dungu

Kiswahili kina kitenzi ambacho vijana wengi wa mjini hawajawahi kukitumia: kuamia. Maana yake ni kulinda mazao shambani yasiliwe na ndege. Anayeamia hupanda kwenye dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mazao, akiwa na kombeo, debe bovu la kugonga na sauti yake mwenyewe. Hufika alfajiri kwa sababu ndege nao huamka alfajiri, na huondoka giza likiingia. Kazi hii mara nyingi imekuwa ya watoto, na kwa sababu ni ya watoto, hakuna aliyeiita elimu.

Lakini hebu fikiria anachopaswa kujua mtoto huyo. Katika mabonde ya Nachingwea na Ruangwa, mpunga huota chini penye maji na mtama hupanda juu kidogo penye udongo mkavu. Mnana hushuka kwa makundi mtama ukiwa bado na maziwa. Njiwa na tetere husubiri punje ikauke. Yangeyange, yule mweupe anayetembea kwa madaha kati ya mashina ya mpunga, anatafuta panzi na vyura, na kumrushia jiwe ni kupoteza jiwe. Mtoto wa dungu hulazimika kumtambua ndege kwa mruko wake akiwa bado mbali, kwa sababu akisubiri atue atakuwa amechelewa. Anajua saa za kila mmoja, chakula chake, sauti yake ya kutahadharisha wenzake, na mwezi atakaotoweka. Mtu mwenye darubini na daftari akijua mambo hayo huitwa mtaalamu.

Makala hii inahusu historia ya kutazama ndege katika mabonde ya kusini mwa Tanzania. Swali lake ni fupi: ni nani aliyetazama, na jina la nani liliandikwa?

Tuanze na mwaka wenyewe, jinsi unavyozunguka. Mikoa ya pwani ya kaskazini ina vuli na masika. Huku kusini kuna msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Kinachofuata ni ukavu. Mito miwili mikubwa ya eneo hili, Lukuledi unaoingia ghuba ya Lindi na Mbwemkuru unaoingia baharini kaskazini zaidi, hubadilika sura kabisa kati ya misimu hiyo. Mbwemkuru wakati wa kiangazi kikali huwa uwanja mpana wa mchanga wenye madimbwi hapa na pale.

Madimbwi hayo ndiyo karamu ya kwanza. Samaki wamebanwa mahali padogo, na kulastara, kwarara na mdiria hukusanyika. Keremkerem huchimba mashimo ya viota kwenye kingo za udongo zilizoachwa wazi na maji. Kwenye mito mikubwa zaidi, kama Rufiji na Ruvuma, yupo ndege ambaye mdomo wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu, anayeruka huku akichana uso wa maji kwa mdomo huo kutafuta samaki. Yeye hutaga moja kwa moja kwenye fungu la mchanga. Inambidi alee makinda na kuyarusha kabla mto haujajaa. Mvua ikiwahi, kizazi cha mwaka huo kinakwenda na maji.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mkulima hasubiri mawingu tu. Humsikiliza dudumizi, ndege mzito wa vichaka vya mtoni, ambaye mlio wake huteremka kama maji yanayomiminika kutoka kwenye mtungi. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki huamini kwamba akilia sana mvua i karibu. Maelezo ya kisayansi hayapingani na imani hiyo. Dudumizi huzaliana wakati wa mvua, penye wadudu na vyura tele, na dume huanza kudai eneo lake hewa inapoanza kuwa nzito.

Kisha pepo za kaskazi zinafika, na wageni nao wanafika. Mbayuwayu kutoka Ulaya, korongo weupe, na kozi wa Amur, ndege mdogo wa mawindo anayezaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China. Kozi huyu hupitia kaskazini-mashariki mwa India, kisha huvuka Bahari ya Hindi bila kutua, akisaidiwa na upepo uleule uliosukuma majahazi kutoka Bara Hindi na Arabuni kuja Kilwa na Lindi. Mwaka 2013 kozi watatu walifungwa vifaa vya setilaiti huko Nagaland, na safari yao juu ya bahari ikaonekana siku kwa siku. Wanapofika kwetu mvua zimeanza na kumbikumbi wanatoka ardhini. Ratiba ya msafiri na ratiba ya mchwa zimeoana.

Kuanzia Januari mabonde yanajaa. Kwera husuka viota kwenye matete. Korongo mweusi mwenye mdomo usiofumba vizuri katikati hufuata konokono wa majini, kwani pengo lile la mdomo humsaidia kuwakamata na kuwatoa ndani ya magamba yao. Mazao yanapokomaa, kuelekea mwisho wa mvua, madungu yanapata wenyewe. Kusi inapoanza kuvuma, wageni wa Ulaya na Asia wameshaondoka, na wengine wanaingia. Kati ya Mei na Oktoba, Afrika Mashariki hupokea kulastara wa Madagaska, ndege wa majini aliye hatarini kutoweka, ambaye huzaliana kisiwani kwao na kuja bara wakati wa baridi yetu. Bonde halikai tupu hata mwezi mmoja.

Maarifa haya yaliingiaje kwenye vitabu? Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya hawakujua ndege wao huenda wapi wakati wa baridi. Wengi waliamini kwamba mbayuwayu hulala ndani ya matope chini ya maziwa. Imani hiyo ilikuwa na chanzo: kabla ya kusafiri, mbayuwayu hukusanyika kwa maelfu jioni kulala kwenye matete ya ziwani, na siku moja hawaonekani tena. Ilikuwa rahisi kudhani wamezama.

Mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mshale mrefu umepita shingoni, karibu sentimita 80. Mshale ule ulikuwa wa Kiafrika. Korongo huyo alikaushwa na bado yupo Chuo Kikuu cha Rostock, na huhesabiwa kuwa mojawapo ya ushahidi wa mwanzo wa wazi kwamba ndege hao huvuka mabara. Mahali alipopigwa kwa mara ya kwanza, pengine kando ya kinamasi fulani, hapakuandikwa, wala jina la aliyelenga. Mtu huyo wa Afrika alikuwa ametuma barua Ulaya bila kujua, na wapokeaji walihifadhi barua wakakosa jina la mwandishi.

Baadaye ushahidi ulikuja kwa pete ndogo za chuma. Mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza mwaka 1899 kuwavalisha ndege pete zenye namba na anwani. Mnamo Mei 1911, mbayuwayu mmoja alivalishwa pete Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 akakamatwa Natal, Afrika Kusini. Njia iliyoonekana ikawa na ncha mbili. Mabonde yetu yote, kuanzia Naili hadi Ruvuma, yalikuwa katikati ya ncha hizo, na waliokuwa wakiwaona mbayuwayu kila Novemba hawakuwa na mtu wa kuwauliza.

Wakati huohuo Wajerumani walikuwa wakikusanya. Richard Böhm, aliyefariki mwaka 1884 akiwa safarini Katanga, na Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la kikoloni aliyezunguka kusini mwishoni mwa karne ya 19, walipeleka ngozi za ndege Berlin. Huko Anton Reichenow alizipa majina na kuandika kitabu chake kikubwa cha ndege wa Afrika kati ya 1900 na 1905. Ndiyo maana keremkerem mmoja wa kingo za mito ya kusini anaitwa kisayansi Merops boehmi. Hakuna msafara wa wakati ule uliotembea bila wapagazi na viongozi wa njia, na hakuna mgeni aliyejua peke yake ndege gani analala kwenye tete lipi. Lebo iliyofungwa mguuni mwa ngozi ilikuwa na nafasi ya jina moja tu.

Kuna mahali ambapo pazia hilo lilifunguka kidogo. Ni Amani, kwenye misitu ya Usambara, mbali na mabonde ya kusini lakini ndani ya nchi hiihii. Mwingereza Reginald Moreau alifika huko mwaka 1928 kufanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, akakaa hadi miaka ya 1940. Baadaye ndiye aliyeandika kitabu kikubwa kuhusu mifumo ya uhamaji wa ndege kati ya Ulaya, Asia na Afrika, kilichotoka mwaka 1972 yeye akiwa ameshafariki. Msaidizi wake mkuu huko Amani alikuwa Salimu Asmani. Moreau alijua kwamba anategemea macho ya watu wengine. Alichapisha pia utafiti kuhusu majina ya ndege katika lugha za eneo hilo, na mwingine kuhusu utani baina ya makabila. Mtu anayeuliza jina la ndege na maana ya utani ameshatambua kwamba wenyeji wake wana elimu. Hata hivyo, ndege waliopewa majina kwa heshima ya Amani ni wa Moreau na mke wake Winifred.

Jirani zetu wa kusini wana mfano wa nadra zaidi. Jali Makawa wa Malawi alifanya kazi kwa miongo kadhaa na C. W. Benson, afisa wa kikoloni na mtaalamu wa ndege. Mwaka 1964, kaskazini-magharibi mwa Zambia, alipatikana ndege mdogo mwenye kifua cheupe ambaye hakufanana na yeyote aliyejulikana. Mwaka 1965 akaitwa Pogoniulus makawai. Hadi leo kielelezo ni kimoja tu, na wataalamu bado wanabishana kama kweli ni spishi ya peke yake. Lakini jina la Makawa lipo, na hilo lilitokea mara chache sana.

Kutouliza kuna gharama kubwa kuliko jina lililokosekana kwenye lebo, na Nachingwea inaijua gharama hiyo. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza ulizunguka Tanganyika kwa wiki tisa kutafuta ardhi ya kulima karanga, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka angani. Mwaka uliofuata mradi ukaanza Kongwa, halafu Urambo na Nachingwea, kwa lengo la kulima zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta yakafyeka mapori. Reli ikajengwa kutoka pwani kuja Nachingwea. Mvua haikufuata ratiba ya London, udongo wa Kongwa uliganda kama saruji wakati wa kiangazi, na mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Walikuwa wameitazama nchi wakiwa ndani ya ndege. Wangekaa chini msimu mmoja mzima na wale wanaosikiliza dudumizi, wangepata habari za mvua kwa bei nafuu zaidi.

Baada ya miongo minne, kutazama kwa makini kulileta jambo jingine, safari hii kwenye bonde la Kilombero, upande wa magharibi wa mapori yanayopakana na Nachingwea na Liwale. Kilombero ni mto unaolisha Rufiji, na uwanda wake wa mafuriko ni mojawapo ya ardhioevu kubwa za Afrika Mashariki. Mwaka 1990 Neil na Liz Baker walichapisha maelezo ya spishi mpya: kwera wa Kilombero, Ploceus burnieri, ndege wa manjano mwenye uso mweusi, anayeishi kwenye matete na majani marefu ya kingo za mto huo na kwingineko hayupo. Hakuwa amejificha. Aliishi karibu na kivuko cha Ifakara, mahali ambapo abiria walisubiri pantoni kila siku. Kila mvuvi na kila mpiga kasia alikuwa amemwona. Kilichokosekana ni mtu wa kuweka alichoona mvuvi kando ya rafu za makumbusho na kugundua kwamba kwenye rafu hayupo.

Bondeni humohumo kulikuwa na vijindege vingine viwili vya kahawia, aina ya sistikola, jamii ambayo spishi zake hufanana mno kwa rangi hata wataalamu huzitenganisha kwa kusikiliza nyimbo. Vilitambuliwa tangu miaka ya 1980 na vikachorwa kwenye kitabu cha utambuzi bila jina la kisayansi. Majina yalikuja mwaka 2021, na kimoja kikaitwa Cisticola bakerorum, kwa heshima ya hao akina Baker.

Katika miaka hiyo ya kusubiri jina, bonde lenyewe halikusubiri. Mwaka 2002 lilitangazwa kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, karibu kilomita za mraba 8,000. Lakini mashamba ya mpunga na ng'ombe viliendelea kuongezeka, na mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao, kwa maumivu makubwa kwa familia zilizohusika. Sheshe, swala wa majini ambaye sehemu kubwa ya jamii yake duniani iliishi Kilombero, amepungua sana. Kwera wa Kilombero yumo kwenye orodha ya walio hatarini. Ndege anayeishi kwenye ukingo wa mto mmoja hana pa kuhamia ukingo huo ukilimwa.

Hapa ndipo mtoto wa dungu na mhifadhi wanapoonekana kusimama pande mbili. Mkulima wa mpunga hana sababu ya kumpenda kwelea kwelea. Ndege huyu mmoja huweza kula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja ni tani 10, kila siku. Mwendo wake unafuata mvua kwa namna ya ajabu. Mvua za kwanza zikinyesha, mbegu za majani zilizokuwa zimelala ardhini huota, na chakula chake hupotea kwa siku chache. Kwelea kwelea huruka kuvuka ukanda wa mvua hadi mahali ilikonyesha mapema zaidi, ambako majani yameshatoa mbegu mpya, kisha hurudi nyuma wakizaliana. Anayeelewa hilo anaweza kukisia watatua wapi. Kwa sasa jibu la kawaida ni ndege ya kunyunyizia sumu ya fenthioni kwenye malazi yao, kazi ambayo Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1962, limeifanya kwa miaka mingi. Sumu haichagui. Huua pia bundi na mwewe wanaokula kwelea kwelea, na ni hatari kwa watu wanaookota mizoga kwa ajili ya kitoweo. Huko Kondoa, wanakijiji wamekuwa wakiwanasa ndege haohao kwa mitego ya vikapu na kuwala au kuwauza. Njia hiyo pia ilitokana na watu waliowatazama ndege hadi wakajua wanakunywa wapi na saa ngapi.

Mtoto akae shuleni wakati wa mavuno. Hilo halina mjadala, na hakuna anayetamani dungu lirudi kama adhabu ya umaskini. Ila dungu linapobomolewa, linaondoka na kumbukumbu ambayo haikuandikwa popote: mnana walishuka lini mwaka ule wa ukame, korongo walikuwa wangapi kabla kinamasi hakijakaushwa, dudumizi aliacha lini kulia upande ule wa mto. Bila kumbukumbu hiyo, mtu akisema ndege wamepungua hawezi kuthibitisha, na akisema bonde halijabadilika hakuna wa kumpinga.

Akina Baker walianzisha mradi wa atlasi ya ndege wa Tanzania mwaka 1985, na rekodi zake hutoka kwa mtu yeyote anayetazama vizuri. Watazamaji wengi hufuata barabara za Arusha, Serengeti na Usambara. Mabonde ya Lukuledi na Mbwemkuru hupata wachache. Rekodi inahitaji vitu vinne: jina la ndege, mahali, tarehe na idadi. Simu ya mkononi hubeba vyote vinne pamoja na sauti, na kwa sistikola sauti ndiyo ushahidi. Kitu cha tano, ambacho lebo za Berlin hazikuwa na nafasi yake, ni jina la mzee au mama aliyekuonyesha tete lenyewe na kukuambia ndege huyo kwao anaitwaje. Mvua za kusini huanza Novemba. Kabla hazijaanza bado kuna watu wa kuwauliza, wengi wao wakiwa na umri wa kutosha kukumbuka walivyokuwa juu ya dungu.